Matamshi ya Watoto Waliokulia Ng'ambo

Iko lawama inayorudiwa sana hapa Fizi na Baraka: kwamba vijana waliokulia ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, wameharibu matamshi. Yafaa tuipime lawama hiyo, maana sehemu kubwa yake haisimami.

Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowakimbiza watu wetu, Wabembe wengi kati yao. Mtoto aliyezaliwa huko alisikia Kibembe kwa bibi yake, Kiswahili cha Kivu kwa majirani, Kiswahili cha Tanzania sokoni, na Kifaransa darasani. Basi akirudi anasema “hapa” na “mtoto”, na sisi tuliobaki tunasema “apa” na “mutoto”. Wengine wanamcheka kwamba anajidai Mtanzania. Wengine wanamsifu kuwa ameleta Kiswahili safi, na sisi ndio tuliopotoka.

Hao wa pili nao wanasahau jambo. Sauti za th, dh na gh ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Lugha nyingi za bara hazina sauti hizo, kwa hiyo mdomo ulichukua zilizo karibu: dhambi ikawa zambi, dhahabu ikawa zahabu, thamani ikawa samani. Huo si uvivu, ni utaratibu. Na Kiswahili sanifu chenyewe kilichaguliwa kutoka lahaja ya Unguja katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwa ajili ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza, si kwa ajili yetu. Nakubali, hasara ipo: kwa Mtanzania samani ni meza na viti, na mtu akisema “aya” pasipo h, hujui kama ni aibu au ni mstari wa Maandiko.

Lakini hasara kubwa zaidi hatuitaji. Kibembe ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana yaweza kugeuka. Kiswahili hakina toni, kina mkazo tu, kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aliyezoea Kiswahili kutwa nzima aweza kuhifadhi maneno yote ya Kibembe na kuupoteza mwendo wake. “Zambi” tunamsahihisha upesi; kwa hili tunanyamaza.

Wala si kila badiliko hutoka katika lugha ya pili. Wataalamu wamechunguza Kikantoni cha Wachina wa Toronto, nchini Kanada, ambao watoto wao hukua na Kiingereza. Lakini Hong Kong kwenyewe, penye Kikantoni kila upande, n ya mwanzo wa neno imekuwa l vinywani mwa wengi, na wakosoaji wa huko wanaziita sauti za uvivu. Anayempima mtoto wa Toronto kwa matamshi ya bibi yake tu ataweza kukisingizia Kiingereza jambo lililoanzia nyumbani. Kadhalika, anayemlaumu kijana wa Nyarugusu amsikilize kwanza akisema Kibembe pamoja na rika lake aliyebaki Baraka, ambaye naye, sokoni na mwaloni, kutwa husema Kiswahili.