Kinachomghafilisha mwandishi wa Kiswahili

Mwezi uliopita, mpwa wangu aliyekuja likizoni kutoka Marekani aliniletea kifaa ambacho mwanzoni nilidhani ni kichezeo cha mtoto. Ni baobonye ya plastiki yenye kiwambo chembamba kinachoonyesha mistari michache tu. Hakina intaneti, hakipokei simu, hakichezi muziki. Unakiwasha, kinawaka papo hapo, unaandika, basi. "Mjomba, sasa huna kisingizio," akaniambia, maana anajua kitabu changu cha sintaksia kimekwama miaka na mikaka.

Kifaa hicho kinaitwa AlphaSmart Neo. Kampuni iliyokibuni ilianzishwa na wahandisi waliowahi kufanya kazi Apple, na soko lao kuu lilikuwa shule. Neo ilitoka 2004, ikasitishwa 2013. Inatumia betri tatu ndogo kama za rimoti, nazo hudumu mamia ya saa. Waandishi wa riwaya ndio walioipenda baadaye, wakawa wanaitafuta mitumba. Wajapani nao wana Pomera tangu 2008. Kisha wapo vijana wawili wa Detroit ambao mwaka wa 2014 walichangisha fedha mtandaoni kuunda mashine waliyoiita Hemingwrite. Leo inaitwa Freewrite, na bei yake, mamia ya dola, si ya kuchekea.

Tuziiteje kwa Kiswahili? Mimi nasema taipureta ya kidijitali. "Mashine ya kuandikia pasipo usumbufu" ni maelezo, si istilahi. Isitoshe, neno "usumbufu" lenyewe linatuondolea lawama. Anayesumbuliwa hana hiari, ilhali WhatsApp naifungua mimi mwenyewe, kwa kidole changu, katikati ya aya. Kitenzi kinachofaa zaidi ni "kughafilika".

Wanaozisifu mashine hizi hurudia hoja moja: mtandao ndio adui, ukate utaandika. Sikatai. Kwa majuma matatu niliyoandika kwa Neo nilimaliza sura mbili. Lakini sifa hizo zimeandikwa na watu wanaotumia Kiingereza, na hawakuona jambo ambalo mimi niliona siku ya kwanza. Niliandika ukurasa mzima bila mstari hata mmoja mwekundu.

Wewe unayeandika Kiswahili kwa tarakilishi unajua nasema nini. Unaandika "mvua", inapigiwa mstari. "Njaa", mstari. Unamaliza aya safi, iliyonyooka, nayo inakutazama kama daftari la mtoto aliyefeli. Baada ya miaka thelathini ya kufundisha lugha hii, bado kuna siku nahisi mkono wangu unasita. Na rununu ndiyo mbaya zaidi: haiishii kulaumu, inakuandikia neno lake.

Mwandishi George R. R. Martin aliwahi kueleza, mwaka wa 2014, kwamba anaandika riwaya zake kwa programu kongwe ya WordStar 4.0, kwenye tarakilishi ya DOS isiyounganishwa na mtandao. Hataki msaada wa mashine. Hapendi ibadilishe herufi yake ndogo iwe kubwa, wala imsahihishie tahajia ya falme alizozibuni. Namwelewa kabisa. Ila kwake ni falme za kubuni. Kwetu ni njaa na mvua!

Hapa ndipo ninapoachana na Freewrite, ile ya awali. Ilitengenezwa bila vibonye vya mishale. Ukitaka kurekebisha neno la nyuma, sharti ufute yote yaliyolifuata. Falsafa yao ni kwamba mwandishi asonge mbele, marekebisho yangoje. Kwa Kiingereza falsafa hiyo inawezekana, kwa kuwa ukibadilisha nomino, sehemu kubwa ya sentensi hubaki ilivyo. Hebu jaribu kwa Kiswahili: "Kijiji chetu kile kidogo kilichokuwa kimesahauliwa kikafufuka." Sasa badilisha "kijiji" iwe "mtaa": "Mtaa wetu ule mdogo uliokuwa umesahauliwa ukafufuka." Maneno saba, na yote saba yamebadilika. Upatanisho wa kisarufi haungoji rasimu ya pili. Mashine inayokukataza kurudi nyuma haikuundwa na mtu aliyewahi kubadili ngeli katikati ya sentensi. Neo ina mishale, namshukuru mpwa wangu.

Ila nayo ilinipa somo sikulitarajia. Ukimaliza kuandika, unaiunga na tarakilishi kwa waya, unabonyeza kibonye cha kutuma, nayo inamwaga herufi moja moja kana kwamba mtu asiyeonekana anazipiga chapa. Niliketi kutazama. Nilikuwa na mfano wa sentensi, "Wazee, naomba mkae." Neno likafika, likaandikwa sawasawa, kisha kufumba na kufumbua likawa "make". Ala! Nikalifuta, nikaliandika kwa mkono wangu. Make. Mara ya tatu, make. Programu inaamini "mkae" ni "make" iliyokosewa na mpiga chapa mwenye haraka.

Nikakumbuka sura moja ya tasnifu ya uzamili. Mwanafunzi wangu alikuwa amekusanya ngano vijijini, akaziandika jinsi wazee walivyozisimulia. Katika ngano moja Sungura anawaambia wanyama "make, make nyote". Nilizungushia wino mwekundu kila mahali, nikaandika pembeni: "Uzembe. Rudi ukasikilize kanda zako." Hakujibu. Baadaye nilisikia kwamba alizisikiliza zote upya, saa kumi na moja za sauti, akitafuta kosa ambalo halikuwa katika kanda.

Nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Aliniambia, "Pole, Prof., nilidhani masikio yangu ndiyo mabovu." Nilitaka mimi ndiye niseme pole, akaniwahi.

Sura ile nimeisoma tena. Alama zangu nyekundu nimezifuta mwenyewe, isipokuwa mbili. Hizo mbili ni makosa yake kweli, na tumekubaliana atayarekebisha.