Mahali pa Kupinda

Jengo la fremu ya chuma lisilo na vyuma vya mshazari wala kuta za zege linategemea kona zake tu. Upepo ukilisukuma au ardhi ikiliyumbisha, kinacholizuia lisilale upande ni pale boriti inapokutana na nguzo. Pembe ile ikibaki mraba, jengo linasimama. Ikiachia, hesabu nyingine zote ni bure. Kwa macho yangu hakuna sehemu ya uhandisi wa chuma inayostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko hiyo nusu mita ya kiungo kigumu.

Ukitaka kukiona kwa karibu, ingia kwenye ghala lolote kubwa la chuma, mathalani yale ya kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, uinue macho mahali boriti ya paa inaposhikana na nguzo. Mara nyingi utaona boriti ikinenepa kadiri inavyoikaribia nguzo. Unene ule ni kabari: fundi amekata kipande cha boriti kwa mshazari, akapata pembetatu mbili, akachomelea moja kila upande wa ghala. Uzito wa paa unapoipinda kona, bolti za juu huvutwa, na ukingo wa chini wa kabari huigandamiza nguzo. Umbali kati ya kuvutwa na kugandamizwa ukiongezeka, bolti zilezile zinamudu mzigo mkubwa zaidi. Mhandisi amepata nguvu kwa kuongeza kina, bila kununua boriti nzito ya kutoka ukuta hadi ukuta.

Tetemeko la ardhi linataka fikra nyingine kabisa. Tetemeko kubwa linapopiga, mhandisi hukubali tangu mwanzo kwamba chuma kitapinda na hakitarudi kilivyokuwa. Chuma laini kina sifa hiyo adimu: kinaweza kuvutwa kupita kikomo chake, kikabaki kimerefuka, na bado kikaendelea kubeba. Katika kurefuka huko kinameza nguvu ya mtikisiko. Kazi ya mhandisi ni kuchagua kipinde wapi, na kanuni yake ni kwamba boriti itangulie, nguzo ibaki imara. Boriti iliyopinda bado inashikilia sakafu yake, ilhali nguzo za ghorofa moja zikipinda zote, ghorofa za juu zinaweza kushuka pamoja.

Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa na kiungo kilichoaminika kwa kazi hiyo. Mabamba mawili ya boriti, la juu na la chini, yalichomelewa moja kwa moja kwenye uso wa nguzo; ukuta wa boriti, yaani bamba la wima lililo katikati, ulifungwa kwa bolti. Egor Popov na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wamefanya majaribio ya viungo vya aina hiyo, na vikajengwa kila mahali. Kisha, tarehe 17 Januari 1994, saa 10 na dakika 31 alfajiri, tetemeko la kipimo cha 6.7 likapiga Northridge, Los Angeles. Hakuna jengo la fremu za namna hii lililoanguka, na mengi yalionekana mazima. Mafundi walipobandua dari na tabaka la kuzuia moto ndipo nyufa zilipoonekana, katika majengo zaidi ya 100. Nyingine zilianzia kwenye mchomeleo wa chini zikaingia ndani ya nguzo yenyewe. Chuma kilichotarajiwa kupinda kilikuwa kimepasuka ghafla.

Uchunguzi uliofuata, uliogharimiwa na serikali ya Marekani na kuzaa miongozo mipya mwaka 2000, ni kazi ya subira inayonivutia kuliko maghorofa yenyewe. Fikiria mchomeleo ule wa chini. Fundi anachomelea akiwa juu ya boriti, mkono ukielekea chini, lakini ukuta wa boriti umemkatia njia. Tundu dogo limekatwa mwishoni mwa ukuta ili mchomeleo upite. Hata hivyo analazimika kusimama katikati, ahamie upande wa pili, aanze tena. Pale anapoachia na kuanza upya ndipo kasoro hupenda kujificha. Chini ya upenyo kati ya bamba na nguzo kuna kipande cha chuma cha kupokea ujiuji wa moto, ambacho zamani kiliachwa hapohapo kazi ikiisha. Kati ya kipande hicho na uso wa nguzo hubaki mstari mwembamba ambao haukuyeyuka. Kwa nguvu ya kuvuta, mstari huo ni ufa uliokwisha kutengenezwa. Mawimbi ya sauti yanayotumika kupima mchomeleo nayo yalivurugwa na kipande hichohicho, kwa hiyo mkaguzi mwaminifu aliweza kupitisha kiungo kibovu.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Zege la sakafu lilikaza upande wa juu, bamba la chini likavutwa zaidi. Waya wa kuchomelea uliopendwa ulikuwa wa haraka, lakini metali yake haikuhimili kishindo. Na viwanda vilikuwa vikitoa chuma chenye nguvu kuliko kilichoagizwa. Hili la mwisho linahitaji kutafakariwa: boriti iliyopaswa kulegea mapema ilikataa kulegea, ikausukuma mchomeleo hadi ukapasuka. Nguvu ya ziada mahali pasipotakiwa ilikuwa hatari.

Leo kipande kile cha chini huondolewa, mzizi wa mchomeleo huchimbwa hadi metali safi, kisha fundi hupita tena kwa chini, moto ukiwa juu ya kichwa chake. Waya nao hupimwa: kipande kidogo chenye mkato hupigwa na nyundo ya kubembea, na lazima kimeze angalau jouli 27 kikiwa kwenye baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri.

Jibu ninalolipenda zaidi lilitoka Ubelgiji. André Plumier wa Chuo Kikuu cha Liège alikuwa amependekeza boriti ipunguzwe karibu na nguzo ili ipinde hapo, na kampuni ya ARBED ya Luxembourg, iliyokuwa na hataza ya wazo hilo, ikaachia haki yake baada ya tetemeko. Chukua boriti yenye kina cha milimita 600 na mabamba ya upana wa milimita 200. Ukiacha milimita 100 hadi 150 kutoka usoni mwa nguzo, unachonga tao kila upande wa kila bamba, lenye urefu wa kati ya milimita 390 na 510. Kila tao laweza kuingia ndani hadi milimita 50, matao mawili ya bamba yakaacha nusu ya upana wake. Hata hapo makadirio ya kuyumba kwa jengo huongezwa asilimia 10 tu, kwa sababu sehemu iliyopunguzwa ni fupi.

Tao hukatwa kwa gesi kisha husuguliwa hadi liwe laini, kwa kuwa mkwaruzo mmoja wa kukingama unatosha kuanzisha ufa. Kwenye maabara, boriti hupakwa chokaa nyeupe, kisha husukumwa na kuvutwa hadi pembe ya radiani 0.04. Kwa ghorofa ya mita 4, hiyo ni sawa na sakafu ya juu kuhama sentimita 16 kwenda na kurudi, na kiungo lazima kibakize asilimia 80 ya nguvu ya boriti. Chuma kinaporefuka, chokaa hupukutika. Boriti iliyochongwa vizuri hupukutisha chokaa kwenye matao, huku kwenye mchomeleo ikibaki imeshika.

Kinachobaki ni kulilinda eneo hilo la kupinda dhidi ya mafundi wengine. Haliruhusiwi kutobolewa, kupigiliwa misumari ya sakafu ya bati, wala kuchomelewa kishikizo cha bomba. Mchoro mzuri huliwekea mipaka, na msimamizi makini huhakikisha limewekewa alama kabla mafundi wa umeme na dari hawajapanda ngazi.