Hukumu ya Nusu Pumzi

Mhakiki wa filamu ninayemheshimu kuliko wengi hajawahi kuandika uhakiki. Ni DJ, kama tunavyowaita watafsiri wa sinema za banda la video, na hukumu zake huzitoa filamu ikiwa inakwenda, mhusika mmoja akishafunga mdomo na mwingine hajaufungua.

Leo mezani kwake ipo Commando ya mwaka 1985. Haitafsiri kwanza. Anaitazama yote, mkono mbali na maiki, ajue nani atakufa na nani atasaliti. DJ anayemmwagia mtu sifa mapema, kisha mtu huyo akageuka adui, huumbuka mbele ya banda zima. Mara ya pili anaitazama kwa kuisimamisha. Kwenye kaunta buku anaandika dakika, jina, kisha nani ana ugomvi na nani. Anachora mistari kuunganisha majina. Ukurasa ukijaa, filamu nzima imelala pale, na bado hajatamka neno.

Ndipo anavaa hedfoni. Kwenye kompyuta, sauti ya filamu ina mstari wake na sauti yake ina wake. Anapoingia, ya filamu inashuka. Bunduki ikilia au mlango ukivunjwa, anaipandisha na yeye anatoka. Enzi za kanda za VHS, wakati mtafsiri Lufufu akitamba Dar es Salaam, kazi hii ilitaka deki, miksa na vidole visivyotetemeka. (Haki za wenye filamu ni kesi nyingine, na nadhani wangeishinda.)

Filamu inaanza kumwonyesha Arnold Schwarzenegger vipande vipande: buti, msuli wa mkono, kisha gogo zima begani. DJ ananyamaza. Picha inajieleza, naye anaiacha ijieleze. Mtu mzima anapotokea kamili, anasema maneno matatu: “Steringi ndiye huyo.” Anatulia tena.

Baadaye vinakuja vipande vya baba na binti yake, Jenny, wakivua samaki, wakilishana aiskrimu, wakimlisha paa. Hakuna mazungumzo, muziki tu. Mtafsiri mchanga angeona uwanja mtupu akaujaza porojo. Huyu anasubiri muziki upungue, anasogea karibu na maiki na kusema kwa sauti ya chini: “Mpendeni haraka huyu mtoto. Wanakuja kumchukua.”

Nimesoma kurasa nyingi za uhakiki zisizofika hapo. Kwa sentensi mbili ameonyesha aiskrimu ile imewekwa kwa kazi gani: mwongozaji anatukopesha mapenzi kwa dakika chache, na deni litalipwa kwa risasi hadi mwisho. Wala hajaharibu utamu. Mtazamaji sasa anamwangalia Jenny kwa hofu, na hofu ndiyo filamu iliyokuwa inaitaka.

Kwa Bennett, adui mkuu, anatumia akili nyingine. Filamu inataka tumwogope mtu aliyevaa fulana ya vyuma vilivyosukwa. DJ anamtazama kwa muda, kisha anauliza kama huyu amekuja kupigana au kuvua dagaa. Basi. Wakati mapambano yanaanza, tayari tumeshajua atakayeshinda, lakini hilo tulilijua tangu gogo.

Baada ya mzaha huo anaacha sekunde tupu kwenye mstari wake. Yuko peke yake chumbani na hakuna anayecheka. Nafasi ile ni ya watu wa bandani, ambao hatakuwepo kuwasikia. Asipowaachia, kicheko chao kitaifunika sentensi inayofuata.

Mwisho anarudia kusikiliza, polepole, kaunta buku wazi pembeni. Pumzi iliyogonga maiki anaikata. Jina alilolitamka kwa kigugumizi analirekodi upya, mara kadhaa, mpaka likae. Halafu anafika kwa Cindy, mhudumu wa ndege anayejikuta ndani ya balaa asilolijua, na kwenye mzaha ambao kwangu ulikuwa bora kuliko yote aliyotoa siku hiyo. Anausikiliza tena na kuufuta.

“Kaka, ule ulikuwa mtamu,” nikamwambia.

Akarudisha nyuma na kunipa hedfoni. Mzaha ulikuwa umemfunika Cindy akiwa bado anaongea.