Adabu Bila Fasihi

Mzazi wa Cairo akimfokea mtoto mjeuri humwita "qalil al-adab". Hapo mimi na wewe hatuhitaji mkalimani. Lakini hebu mtoto huyo akue, aende chuo kikuu kusoma mashairi na riwaya: kitivo chake kitaitwa Kulliyyat al-Adab. Neno ni lilelile, kwa wingi wake. Kwa Waarabu adab ni tabia njema na ni fasihi pia, na mzizi wake huohuo unazaa ma'duba, yaani karamu. Waturuki walilichukua likiwa zima: edep ni adabu, edebiyat ni fasihi.

Sisi tulichukua nusu. Tukabaki na heshima, halafu tukaiongezea kiboko. Huku kwetu "nitakutia adabu" si mwaliko wa karamu, wala hakuna mtoto aliyeisikia akadhani anapewa kitabu. Fasihi tuliitafutia neno jingine la Kiarabu, la ufasaha wa kusema. Hilo nalo lina fimbo yake: muulize yeyote aliyekatwa alama kwa kuandika Sheng badala ya "Kiswahili fasaha".

Ningeyaachia makamusi haya yote kama si jinsi tunavyosoma. Kitabu cha shule kikizua kelele, tunauliza kama kina adabu, na tunamaanisha ile ya kiboko. Ati wahusika wanatukana, ati kuna kitanda. Kama sentensi zenyewe zinasimama, wapi! Hakuna anayeuliza.

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka "Kenya: Twendapi?" na serikali ikamtia adabu jela, 1969 hadi 1972. Humo ndani akatunga kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyotoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule aliyekuwa madarakani mshairi alipofungwa. Kichekesho hicho husimuliwa sana. Mimi hunishika zaidi bahari zake: mtu hana hata daftari, lakini vina vimetimia na mizani imekaa sawa, ubeti baada ya ubeti. Hakuna askari aliyemlazimisha kuhesabu silabi zile. Mwarabu angeiita adab, kwa maana zote mbili, bila kusita. Mimi nalazimika kutumia maneno mawili, na moja linanuka kiboko.