Nyumba Njema Si Mlango: Francis Kéré na Paa Lililonyanyuka

Ukitafuta jina la Francis Kéré kwenye simu, haitachukua muda kabla hujaletewa picha ya shule ya msingi ya Gando, nchini Burkina Faso: kuta za udongo mwekundu, na juu yake paa jembamba la mabati lililoinuka kama mtu aliyenyanyua kofia kukuamkia. Ni picha nzuri. Imezunguka kwenye vitabu, maonyesho na Instagram hadi imekuwa kama nembo ya usanifu mpya wa Afrika, na wengi wetu, mimi nikiwemo, Gando tumeijulia huko. Shida ni kwamba picha haina joto. Haina jasho la mtoto wa darasa la nne saa nane mchana, wala kelele ya mvua juu ya bati. Jengo hili lilibuniwa kwa sababu ya mambo hayo hasa, halafu sisi tunalisifia rangi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie.

Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965, mtoto wa chifu, na ndiye mtoto wa kwanza wa kijiji hicho kupelekwa shule. Kwao hakukuwa na shule yoyote, kwa hivyo akiwa na miaka saba aliiacha familia akaenda kusoma mjini Tenkodogo. Darasa lake lilikuwa la saruji, lenye joto na giza, na ndani walibanana watoto zaidi ya 100. Baadaye alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alianzisha chama cha kuchangisha pesa za kujengea kijiji chake shule. Shule ikakamilika mwaka 2001, yeye akahitimu 2004. Mwaka huo huo shule ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Mwaka 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote katika fani hiyo, na akawa Mwafrika wa kwanza kuipokea.

Wasifu huo unapendwa sana na magazeti: mtoto wa kijijini, bahari, tuzo. Mimi nautaja kwa sababu moja. Huyu jamaa alikaa kwenye darasa baya kabla hajajua neno "usanifu", na jengo lake la kwanza linaonyesha kwamba hakulisahau.

Angalia paa. Kwenye darasa la kawaida, hapa kwetu na kule kwao, bati linapigiliwa kwenye kenchi moja kwa moja juu ya vichwa vya watu, mara nyingi bila dari. Jua likilipata, chumba kinageuka jiko. Nilisoma chini ya bati la namna hiyo miaka minane. Somo la baada ya chakula cha mchana lilikuwa la kusinzia, mwalimu awe mkali vipi. Mvua ikija ndiyo kabisa: mwalimu aliweka chaki mezani, tukakaa tukitazamana mpaka ipite, maana hata akipiga kelele hakuna aliyemsikia.

Kéré hakulikataa bati. Anajua kwamba ni jepesi na kwamba ndilo watu wanaweza kulinunua. Alichofanya ni kulitenganisha na chumba. Darasa lina dari yake ya matofali ya udongo, yaliyopangwa kwa kuachiwa nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari kuna kenchi nyepesi za chuma, na juu ya kenchi ndipo bati lilipo, mbali na watoto. Hewa ya moto iliyo darasani inapanda, inapenya kwenye dari, halafu upepo unaopita katikati ya dari na bati unaiondoa. Hewa nyingine inaingia kupitia madirishani. Bati lichomeke huko juu litakavyo, moto wake hauwashukii watoto moja kwa moja. Na kwa kuwa limetokeza nje kupita kuta, linaukinga udongo na mvua na pia kuutilia kivuli. Hakuna feni, hakuna kiyoyozi, na umeme haukuwepo.

Kisha angalia zile kenchi zenyewe. Zimetengenezwa kwa nondo za kawaida, kama zile unazoziona zimechomoza juu ya kila ghorofa isiyomalizika pale Pipeline. Gando hakukuwa na winchi ya kunyanyua vyuma vizito. Kwa hivyo Kéré alichora kenchi ambazo mtu anaweza kuzibeba begani, kuzikata kwa msumeno wa mkono na kuzichomelea kwa mashine ndogo. Kwangu mimi huu ndio ubunifu mkubwa kuliko wote katika kazi yake. Kabla ya kuchora alijiuliza fundi wa pale ana nini mkononi, na jibu ndilo lililoamua umbo la jengo. Ule wepesi tunaousifu kwenye picha umetokana na ukosefu wa winchi.

Suala la udongo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu liligusa heshima. Watu wa Gando walitaka shule ya saruji. Udongo waliujua: ndio wa nyumba zao, na kila masika wanazikarabati. Wewe pia unalijua jambo hili. Kwetu mtu akisema "nyumba ya udongo" ameshataja umaskini, na akisema amejenga "ya kudumu" ujue ametumia mawe. Kéré hakuwahubiria wazee kuhusu utamaduni na mababu. Aliwaletea udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono kuwa matofali magumu, chini ya paa linalouzuia usilowe. Hapo ndipo anapoachana na wale wanaoezeka makuti juu ya baa ya kitalii na kusema wameturudisha kwenye asili. Kéré aliutengeneza udongo ufanye kazi ambayo zamani ulishindwa kuifanya.

Sasa nifike mahali ambapo sifa zinanikwama kidogo. Kila anayeandika kuhusu Gando husimulia jinsi kijiji kizima kilivyojenga: watoto wakileta mawe ya msingi, wanawake wakibeba maji ya mjengo, watu wakiipiga sakafu ya udongo hadi ikawa laini. Husimuliwa kama sherehe. Sisi tuliozaliwa nchi ya Harambee tunajua upande wa pili wa sherehe hiyo. Harambee ilitujengea shule nyingi, na pia iliwazoesha wakubwa kukaa pembeni wakingoja wananchi wajichangie. Halafu maji ya mjengo ni mazito bana, na anayeyabeba karibu kila mara ni mama aliyeamka alfajiri na bado ana kazi ya nyumbani.

Utetezi wa Kéré ni kwamba vijana waliojifunza kazi pale walitoka na ufundi, na baadhi yao waliendelea kuajiriwa kwenye miradi mingine. Nao wanafunzi, ambao mwanzoni walikuwa 120, waliongezeka hadi 700. Nakubali, huo ni utetezi mzito, na sidhani mama yeyote wa Gando angependa shule isijengwe ili mimi nipumzike moyo. Ila tukiigeuza kazi ya bure ya watu maskini kuwa sehemu ya uzuri wa jengo, tutakuwa tumempa msanifu sifa na serikali likizo.

Mwaka 2017 Kéré alialikwa London kujenga banda la Serpentine, lile linalosimamishwa bustanini kila kiangazi na msanifu tofauti. Alijenga paa pana lenye umbo la mti, likizungukwa na kuta za mbao za bluu, na katikati akaacha uwazi. Mvua ikinyesha, maji yalishuka hapo kati kama maporomoko na watu wakasimama kando wakiyatazama. Ni kazi nzuri, na kama ningekuwa London ningeenda. Lakini linganisha. Gando, paa ni jibu la swali la kufa na kupona: mtoto atasomaje kwenye joto hili? London, paa lile lile limekuja kama mgeni wa heshima, halina mzigo wa kubeba. Mvua ambayo kijijini inasomba kuta, bustanini imekuwa burudani. Simlaumu Kéré kwa kupokea kazi, maana jina lililokua London linamsaidia kutafuta pesa za Gando. Ninachosema ni kwamba London iliuonyesha mlango wa nyumba yake tu, na wengi waliridhika na huo.

Kwetu Kenya, Kéré amejenga Turkana. Kampasi ya Startup Lions ilikamilika mwaka 2021 kando ya Ziwa Turkana, mahali pa vijana kujifunza kazi za kompyuta. Minara yake mirefu imepokea umbo la vichuguu vya mchwa wa sehemu zile. Hewa inaingia kupitia matundu ya chini, na ile ya moto inapanda na kutokea juu ya minara. Jua la Turkana halihitaji maelezo, na vumbi lake ni adui wa kompyuta, kwa hivyo kufungua madirisha wazi tu kusingetosha. Kuta ni za mawe ya pale pale, zimepigwa plasta ya rangi ya ardhi. Hapa jengo limerudi kazini: minara hiyo inabeba mzigo kweli.

Hata hivyo, kati ya minara ya Turkana na bati la Gando, nachagua bati. Minara inasimama vizuri sana dhidi ya anga, na ukishaifananisha na kichuguu umeshapata kichwa cha habari. Kuiiga ni kazi, lazima utafute mtu wa kuichora na kuipigia hesabu. Bati lililonyanyuliwa, fundi wa Lodwar anaweza kulitazama asubuhi moja, akaelewa, na mwezi ujao akalijaribu kwenye shule ya jirani bila kumpigia simu mtu yeyote Berlin. Jengo la umma napenda kulipima hivyo: likishafunguliwa, wangapi wanaweza kuliiba wazo?

Nairobi tumeiba mawazo mengine. Mji wetu una baridi ya wastani, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na siku nyingi dirisha la kufunguka linatosha. Bado tunafunika majengo ya Upper Hill na Westlands kwa vioo visivyofunguka, kisha tunanunua mashine za kuondoa joto tulilolikaribisha wenyewe. Wakati huohuo, tangu CBC ianze, serikali imejenga maelfu ya madarasa, na darasa la Lodwar linafanana na la Limuru kama pacha, utadhani jua ni moja.

Si kwamba hatukuwahi kujua. Nyumba za kale za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na uwanja wa ndani ulio wazi juu kwa ajili ya hewa na mwanga. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Waliozijenga walianza na kile walichokuwa nacho, kama Kéré na nondo zake, na ukiingia mchana wa Januari mwili wenyewe unakwambia walifaulu.

Ndiyo maana naona Pritzker ya Kéré itakuwa imetupita bure ikiwa tutabaki na fahari ya "Mwafrika wa kwanza" pekee. Fahari hiyo ni halali yetu, tuishangilie. Kisha tuwaulize wanaochora madarasa ya watoto wetu maswali ambayo picha haiwezi kujibu. Saa nane mchana kuna joto kiasi gani humo ndani? Mvua ikinyesha, mwalimu anasikika? Na lile bati, liko umbali gani kutoka kichwa cha mtoto?