Mpenzi Dhalimu na Jicho la Msimulizi katika Riwaya za Kifantasia za Vijana

Tahakiki nyingi zilizoandikwa kuhusu mapenzi katika riwaya za kifantasia za vijana, tangu Stephenie Meyer alipochapisha Twilight mwaka 2005, zimefuata njia moja. Mhakiki huorodhesha vitendo vya mpenzi wa kiume, huvipima kwa mizani ya maadili, kisha hutoa hukumu. Edward Cullen humvizia msichana, humpeleleza, humzuia kuonana na rafiki yake. Kwa hivyo yeye ni mpenzi mwenye sumu, na kitabu kinachomtukuza ni kitabu cha hatari. Hukumu hiyo si ya uongo, ila ina upungufu. Fasihi ya kila taifa imejaa wapenzi madhalimu, na kumsawiri dhalimu si kumtetea. Suala la kuulizwa kwanza ni la kifani: ni nani anayemtazama mpenzi huyo, anamtazama akiwa wapi, na je, msomaji amepewa nafasi ya kujua zaidi ya ajuavyo yule anayependa? Makala haya yanashikilia kwamba sumu inayolalamikiwa imo katika mpangilio wa usimulizi zaidi kuliko katika orodha ya vitendo.

Twilight inasimuliwa na Bella Swan, msichana wa miaka 17 anayehamia mji mdogo wa Forks, jimbo la Washington, Marekani. Mpenzi wake ni mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901 na ambaye umri wake ulisimama mwaka 1918. Edward anapokiri kwamba amekuwa akiingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama akiwa usingizini, msomaji hana shahidi mwingine ila Bella mwenyewe. Na Bella anaona nini? Anaona haya. Kinachomsumbua ni kwamba huenda aliropoka usingizini akasikika. Wasiwasi wa tukio zima umehamishwa kutoka kwa aliyeingia bila hodi ukatwikwa aliyelala. Ufundi wa Meyer, na ni ufundi kweli, umo katika uhamisho huu mdogo unaorudiwa kurasa kwa kurasa hadi msomaji akauzoea. Katika Eclipse (2007) Edward anang'oa kipuri katika gari la Bella ili asiende kumwona Jacob. Bella anakasirika, kisha hasira inayeyuka kabla haijazaa tendo. Jacob naye anambusu kwa nguvu. Bella anampiga ngumi na kuumia mkono, na baba yake, ambaye ndiye mkuu wa polisi wa mji huo, anampongeza kijana. Tukio limeandikwa kama kichekesho. Ni vigumu kupata ukurasa mwingine katika mfululizo huo unaodhihirisha wazi zaidi jinsi sheria, uzazi na ucheshi vinavyoweza kukaa upande mmoja dhidi ya msichana mmoja.

Fantasia inaongeza jambo ambalo riwaya ya kihalisia haiwezi kulitoa kwa urahisi, yaani udhuru wa maumbile. Mwanamume wa kawaida anayemtishia mpenziwe huulizwa sababu. Mnyonya damu haulizwi, kwa kuwa kiu ndiyo asili yake; na kila siku anayopitisha bila kumuua msichana inaandikwa katika hesabu ya wema wake. Kizingiti cha upendo kimeteremshwa hadi kutokuua kukawa ni hisani. Katika Midnight Sun (2020), Meyer anaisimulia hadithi ile ile kwa kinywa cha Edward, na msomaji anapata habari kwamba siku ya kwanza alipanga kuwaua wanafunzi wote darasani ili aipate damu ya mmoja. Mtu angetarajia ufunuo huo ubadilishe kila kitu. Haubadilishi, kwa sababu nao umesimuliwa kama historia ya mateso ya muuaji. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua akisikia habari za mumiani ana haki ya kushangaa kidogo: mumiani hajawahi kupewa sura thelathini za kueleza uchungu wake.

Ulinganisho na fasihi simulizi unafaa hapa, kwa kuwa ngano zetu zinalifahamu vyema tatizo hili. Katika ngano ya msichana aliyekataa wachumba wote, ambayo ina matoleo mengi miongoni mwa jamii za Kenya, anatokea mgeni wa sura ya kupendeza, msichana anamfuata, na mgeni huyo ni zimwi. Katika matoleo ya Wagikuyu zimwi lina kinywa cha pili kisogoni, kimefunikwa na nywele. Fanani humfichulia msikilizaji siri hiyo kabla ya msichana kuijua, na utamu wote wa ngano hutokana na pengo hilo la maarifa. Tena yupo mwonyaji, mara nyingi mdogo wa msichana, anayefuata nyuma na kuona kisogo. Hapana haja ya kuipamba ngano hii kupita kiasi. Inamlaumu msichana kwa kujichagulia mume, na wazee wameitumia vizazi na vizazi kuwanyamazisha mabinti. Hata hivyo inatenganisha kwa ukali jicho la anayependa na jicho la anayesikiliza. Riwaya ya Meyer inafanya kinyume: inampa msichana uhuru wa kuchagua, kisha inamnyima yeye pamoja na msomaji nafasi ya kukiona kisogo.

Isidhaniwe kwamba nafsi ya kwanza peke yake ndiyo yenye lawama. Shadow and Bone (2012) ya Leigh Bardugo nayo inasimuliwa na msichana, Alina, anayevutwa na kiongozi mwenye nguvu za giza aitwaye Darkling. Mvuto huo umeandikwa kwa dhati. Msomaji anaghilibiwa sawasawa na Alina. Lakini Bardugo amemweka mwonyaji, mzee Baghra, ambaye ni mama yake Darkling mwenyewe, na maneno yake yanamlazimisha msomaji arudi nyuma na kuzisoma upya kurasa za mapenzi alizokwisha kuzifurahia. Baadaye Darkling anamuua ayala ambaye Alina alimhurumia, na pembe zake zinafanywa kidani cha kumfunga Alina shingoni, ili nguvu za msichana ziwe mkononi mwa aliyeua. Hapa fantasia inafanya kazi yake bora: kutawaliwa, ambako katika maisha hakuonekani kwa macho, kumepewa umbo linaloshikika. Kwamba wasomaji wengi wameendelea kumpenda Darkling ni jambo la kuchunguzwa, ila si hoja dhidi ya kitabu.

Mfano mgumu zaidi ni wa Sarah J. Maas, ambaye mfululizo wake ulioanza na A Court of Thorns and Roses (2015) uliuzwa kwanza kwa vijana kabla ya kuhamishiwa rafu za watu wazima. Katika kitabu cha pili, A Court of Mist and Fury (2016), Tamlin anamfungia Feyre ndani ya nyumba kwa kisingizio cha kumlinda, na riwaya inalaani kitendo hicho bila kumung'unya maneno. Wengi wamekisifu kitabu kwa sababu hiyo, na wana haki. Lakini anayemrithi Tamlin ni Rhysand, ambaye katika kitabu cha kwanza aliuminya mkono wa Feyre uliovunjika ili akubali mapatano, akamlewesha na kumchezesha nusu uchi mbele ya hadhara. Vitendo hivyo vinasafishwa kwa maelezo: alikuwa na nia ya siri ya kumwokoa. Tamlin pia alikuwa na nia ya kumwokoa. Tofauti ni kwamba nia ya mmoja imeaminiwa na msimulizi, na ya mwingine haikuaminiwa.

Kisha Maas, pengine bila kukusudia, anaufanyia majaribio muundo wake mwenyewe. A Court of Silver Flames (2021) inaiacha nafsi ya Feyre na kusimuliwa katika nafsi ya tatu, kwa kuwafuata Nesta, dada yake, na Cassian. Feyre ni mjamzito, na Rhysand anajua kwamba uzazi huo unaweza kumuua; anawaambia wenzake, anamficha mwenye mimba. Kwa mara ya kwanza msomaji anajua kabla ya Feyre, kama msikilizaji wa ngano, na kwa mara ya kwanza kisogo cha Rhysand kinaonekana. Mwonyaji ni Nesta, anayeitoboa siri kwa hasira. Feyre anamsamehe mumewe upesi. Ghadhabu ya Rhysand inamwangukia aliyesema, na Nesta anaondolewa mjini akapelekwa milimani, atembee na mzigo mgongoni siku baada ya siku hadi alainike.