Taji la mfalme, jina la fundi: kutoka nyembe za Sheffield hadi hanjari ya Muscat

Wembe wa kukunja wa zamani, ule ambao kinyozi huunoa kwa ukanda wa ngozi, una mahali pawili panapobeba maandishi. Pa kwanza ni shina, kile kipande kinene kinachoingia kwenye mpini. Pa pili ni ubavu wa bapa. Anayetaka kujua nani aliutengeneza na zama zipi aanze hapo, na akikuta taji kati ya herufi mbili asiharakishe kutoa hukumu.

Herufi ni za mtawala wa wakati huo. GR ni ya kina George. WR ni ya William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi 1837. VR ni ya Victoria, aliyekaa kwenye kiti mpaka 1901. Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, watu wa alama ya nyota na msalaba wa Malta iliyoanzia mwaka 1682, waliteuliwa kuwa watengenezaji visu wa George wa Nne mwanzoni mwa miaka ya 1820. Kwao taji lilikuwa na hati. Shida ni kwamba mafundi wengi wasio na hati waligonga herufi hizohizo, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hakuwa na njia ya kuuliza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1883 ndiyo iliyoweka faini ya hadi pauni 20 kwa mfanyabiashara aliyetumia nembo ya kifalme bila idhini kwa namna ya kuwafanya watu waamini kuwa anayo. Kwa hiyo taji peke yake linatoa zama, halitoi uteuzi. Uteuzi huthibitishwa na jina lililo pembeni ya taji, pale jina hilo linapopatikana katika kumbukumbu za walioteuliwa.

Ufundi wa kugonga nao una la kusema. Muhuri wa shina ulipigwa chuma kikiwa bado laini, kabla ya kuchomwa na kupozwa ghafla ili kishike ugumu, ndiyo maana umezama na hudumu miaka 150 bila kufutika. Maandishi ya ubavuni yalichorwa kwa asidi baada ya bapa kusagwa, nayo ni mepesi kama mkwaruzo. Ubavu ukisuguliwa sana huondoka. Wembe uliosagwa upya mpaka ukapoteza umbo lake, kisha ukawa na taji la ubavuni lililo kali na safi, hauaminiki. Na ukiona neno “England” kwenye shina, fikiria miaka ya baada ya 1890, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka.

Muscat inaingia katika habari hii kupitia duka moja la London. Asprey ilianzishwa mwaka 1781, na katika karne ya 19 ilijipatia sifa kwa makasha ya safari ya waungwana, yenye brashi, chupa za manukato na nyembe, kila kitu katika tundu lake. Mwaka 1862 Malkia Victoria aliipa hati ya kifalme. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika miaka ya 1970, duka hilohilo ndilo lililopitishiwa oda za Sultani Qaboos bin Said, aliyeshika utawala wa Oman mwezi Julai 1970. Oda zilikuwa za saa, nyingi zikiwa Rolex, zenye nembo ya Oman usoni: hanjari, yaani kisu kilichopinda, juu ya panga mbili zilizopishana. Nyingine zilichapwa kwa wino mwekundu, nyingine kwa rangi ya dhahabu au kijani. Zipo zenye saini ya Sultani kwa hati ya Kiarabu. Jina la Asprey nalo huonekana kwenye kifuniko cha nyuma cha baadhi yake.

Hapa mtindo umegeuka, na wakusanyaji wengi wa vitu vya kale hawaupi mgeuko huu uzito unaostahili. Kule Sheffield fundi alichukua herufi za mfalme akaziweka kwenye kazi yake ili awauzie watu wengine. Muscat ni mtawala aliyechukua kazi ya fundi wa mbali akaiwekea alama yake, kisha akaitoa zawadi kwa aliyemtumikia au aliyemheshimu. Taji la wembe linamsifu muuzaji. Hanjari ya saa inamtaja mtoaji. Kwa hiyo ushahidi wake hautafutwi katika orodha za walioteuliwa, bali kwa aliyepokea: alikuwa nani, alifanya kazi gani Oman, mwaka gani, na kama tarehe zake zinakubaliana na namba ya saa.

Kuna pia ushahidi wa wino. Maandishi ya uso wa saa huchapwa kwa kidonge laini kinachonyanyua wino kutoka kwenye bamba lililochorwa na kuutua mahali pake. Kingo huwa safi hata chini ya lenzi, na wino huzeeka pamoja na uso ulioubeba. Nembo inayong’aa juu ya uso uliopauka, au yenye kingo zilizotambaa, iliongezwa baadaye. Kwa kuwa saa yenye hanjari ina bei kubwa kuliko mwenzake isiyo nayo, kishawishi cha kuiongeza ni kikubwa, na mnunuzi asiye na lenzi ataliwa.

Lakini kilichonivuta hasa ni hicho kitu kilichochorwa kwenye saa. Hanjari yenyewe, ambayo watu wa Pwani wengi huiita jambia, ilipata idhini ya kifalme kwa njia tofauti kabisa: haikugongwa herufi wala taji. Ilibadilishwa umbo.

Hanjari za Oman hutambulikana kwa aina: ya Nizwa, ya Sur, ya Batina, na ya Kisaidi, yaani ya nyumba ya kifalme ya Al Busaidi. Mpini wa kawaida wa bara una kichwa bapa kilichotanuka, na pembe au mti wake unaonekana kati ya mapambo. Mpini wa Kisaidi umevikwa fedha na umbo lake ni la peke yake. Masimulizi ya Oman yanamtaja mke wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa nyumba hiyo, binti wa kifalme kutoka Uajemi aliyeitwa Shahrazad, kuwa ndiye aliyeubuni. Ni yule ambaye Emily Ruete, binti wa Sayyid Said, alimweleza katika kumbukumbu zake za Zanzibar. Tazama pia pete zinazoshika ala kwenye mkanda: hanjari ya kawaida ina nne, ya kifalme saba. Mtu wa Muscat hakuhitaji kusoma lolote. Alihesabu pete, akajua.

Sifa ya njia hii ni kwamba haifutiki. Huwezi kusugua umbo likaondoka. Udhaifu wake ni kwamba huigwa kwa urahisi, na leo mtindo wa Kisaidi hununuliwa na yeyote mwenye uwezo. Udhaifu wa pili ndio unaoniuma: umbo linamtaja mvaaji tu. Sonara aliyefua lile bamba la fedha, aliyeshona uzi wa fedha juu ya ngozi ya ala, aliyekunja pete saba zikalingana, kwa kawaida hakuweka jina lake. Joseph Rodgers tunamjua kwa sababu alisimama kando ya taji. Sonara wa Oman alisimama nyuma ya taji.

Hata fedha yenyewe haisaidii. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya malighafi ilikuwa reale za Maria Theresa wa Austria, zilizochapwa mwaka 1780 na kuendelea kuchapwa kwa tarehe hiyohiyo, kila moja ikiwa na gramu 28 hivi na fedha safi sehemu 833 katika 1,000. Sura ya mtawala huyo ndiyo iliyokuwa cheti cha ubora mpaka sarafu ilipoingia kwenye chungu cha sonara. Ikishayeyuka, mnunuzi alibaki na neno la fundi. Sheffield ilikuwa na ofisi ya kupima na kugonga fedha tangu 1773. Fundi wa soko la Nizwa alikuwa na sifa yake mtaani, na sifa haichongwi kwenye ala.

Hukumu yangu ni hii: kati ya njia tatu, ya Sheffield ndiyo iliyomtendea fundi haki, pamoja na wizi wote wa taji uliofanyika. Iliunganisha jina na cheo katika kipigo kimoja cha nyundo. Njia ya hanjari ilizaa kitu kizuri zaidi kwa macho, ila ikamwacha aliyekitengeneza bila jina.

UNESCO iliingiza ufundi wa hanjari katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2022. Orodha hiyo inalinda ujuzi kwa jumla, haiwezi kurudisha majina. Majina wanayo wazee. Basi wewe mwenye hanjari ya babu kabatini, uwe Muscat, Zanzibar au Mombasa, uliza sasa nani aliifua, soko gani, na kwa ajili ya harusi ya nani. Andika kwenye karatasi, uiweke pamoja nayo. Na wewe sonara unayefanya kazi leo, gonga jina lako nyuma ya ala kabla hujamkabidhi mteja.